Bei ya Ghorofa, Nyumba ya Vyumba Sita

Msikilizaji, ukipita mitaa ya Magomeni, Ilala au Kinondoni jijini Dar es Salaam hukosi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi: "Nyumba hii haiuzwi". Maandishi hayo humwonya tapeli anayeuza kisicho chake, na humwambia mnunuzi asipoteze muda. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu nyumba ya jirani, ile inayouzwa. Ni nyumba ya chini, ya vyumba sita, imejaa wapangaji, bati limeshika kutu, na bei anayoitaja dalali inamfanya mtu aulize kama amesikia vizuri. Anayeiwania ni mtu wa kawaida tu: mfanyabiashara wa Kariakoo, mtumishi anayekaribia kustaafu, ndugu wawili waliochanga, au Mtanzania aliyeko Muscat anayetaka kuweka akiba yake nyumbani. Wote wameambiwa kwamba nyumba ya mjini haina hasara. Mimi nasema hasara ipo, imejificha ndani ya bei. Tena bei hiyohiyo ndiyo inayowahamisha wapangaji, hata kabla mnunuzi hajaamua lolote juu yao.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana wengi wanaoinunua siku hizi hata hawaitazami. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma kuna uani penye jiko, choo, bafu, na mara nyingi safu ya vyumba vya ziada. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, aliikuta nyumba hii ikipangishwa chumba kimoja kimoja. Kwa hiyo nyumba moja kukaliwa na familia nyingi si jambo lililoletwa na apatimenti; ndivyo mji huu ulivyojilaza usiku tangu zamani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki vikamlisha. Wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache, na kwa mjane kodi ya vyumba ilikuwa ndiyo pensheni. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, nyumba nyingi za namna hii zilipona kwa kuwa thamani yake haikufika huko. Udogo uliziokoa. Leo udogo huohuo ndio unaoziponza, kwa sababu anayetazama nyumba ya chini kwenye kiwanja cha mjini haoni nyumba tena, anaona ghorofa ambazo hazijajengwa.

Mabadiliko hayo yana sababu zake. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakipita Manzese na Magomeni, na tawi lake likikatiza Kinondoni hadi Morocco, mitaa iliyokuwa ya watu wa kipato kidogo ikajikuta inapakana na njia bora kuliko zote jijini. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ilikwishafungua mlango wa kila fleti kuwa na hati yake, kwa hiyo mjenzi akaweza kuuza ghorofa vipande vipande. Kariakoo ilikuwa imeonyesha njia ya ubia: mwenye kiwanja anatoa kiwanja, mwenye fedha anajenga, kisha wanagawana ghorofa. Na watu wameongezeka; sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, ya mwaka 2022 ikawahesabu 5,383,728. Hapo bei ikaachana na kodi ya vyumba. Ikaanza kufuata kile ambacho mtu mwenye fedha nyingi angeweza kukisimamisha pale.

Sasa tuchukue karatasi. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano, na kila mtu aweke za mtaa wake. Nyumba ina vyumba sita, na viwili vya uani, jumla vinane. Kila kimoja kinapangishwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 7 na 680,000. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10. Toa gari la kunyonya choo, bati, nyaya, mwezi ambao chumba kimekaa kitupu na mpangaji aliyeondoka na deni. Tukadirie milioni moja na nusu. Kinabaki milioni 5 na laki 4. Dalali anataka milioni 300. Fedha hiyo itarudi baada ya miaka 55, kama hakuna kitakachoharibika katika miaka hiyo 55. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 iliyokuwa ikiuzwa mwaka 2022 ilitoa riba ya asilimia 12.56, maana yake ni kwamba milioni 300 hizo zingeleta zaidi ya milioni 37 kila mwaka, wala usingeamshwa usiku kwa sababu choo kimejaa. Na kama fedha ni ya mkopo wa benki, riba yake haitangoja chumba kipate mpangaji.

Kwa hiyo aliyelipa milioni 300 hana njia ya kubaki na nyumba ya vyumba vinane. Lazima avunje. Tuseme ujenzi utamgharimu milioni 500 na atapata apatimenti nane. Jumla ameweka milioni 800, na akitaka apate asilimia 10 tu kwa mwaka, pungufu ya hatifungani, kila apatimenti inapaswa kumletea zaidi ya shilingi 830,000 kwa mwezi baada ya gharama zote. Kumbuka palepale palikuwa na mtu aliyelipa 80,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025 ni shilingi 500,000. Kodi ya apatimenti moja inaumeza mshahara huo wote na kudai nyongeza. Mama ntilie, fundi cherehani, muuguzi mpya, kijana wa duka la simu, hao wote waliondoka siku ile mkataba wa mauziano uliposainiwa. Notisi watakayopewa baadaye ni karatasi tu. Ndiyo maana siupendi ule mjadala wa baba mwenye nyumba mwema na mbaya. Mwenye huruma aliyenunua kwa bei ya ghorofa atawaondoa wapangaji kama asiye na huruma. Tofauti itakuwa kwamba atawaaga kwa lugha nzuri.

Hapa najua msikilizaji mzoefu ananitikisia kichwa. Atasema: umesahau ardhi. Nani ananunua nyumba Kinondoni kwa ajili ya kodi? Watu wananunua kiwanja, wanasubiri, wanauza mara mbili. Na hatifungani inalipa kiwango kilekile miaka yote wakati shilingi inashuka thamani, ilhali kodi na ardhi hupanda. Ni kweli, na waliofanya hivyo zamani walifaidi. Lakini tuangalie wanachokisema. Wanasema atatokea mtu mwingine baada yangu atakayelipa zaidi. Mtu huyo naye atapata wapi fedha ya kurudisha? Mwisho wa mnyororo huo yupo mpangaji mmoja anayelala kwenye chumba kimoja na kulipa kwa mshahara wake, na mshahara wake haukupanda kwa kasi ya viwanja. Zaidi ya hapo, kila mnunuzi wa mtaa ule amepiga hesabu ileile na anajenga apatimenti zilezile kwa wapangaji walewale wa kipato cha kati, ambao hawatoshi kugawana. Faida ya mwendokasi, hati ya fleti na kukua kwa mji, muuzaji amekwishaipigia hesabu na kuiweka kwenye bei. Anayenunua leo anailipia faida ya kesho kwa fedha taslimu, halafu anaketi kuingoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linahusu jiji. Mji wa watu zaidi ya milioni tano, wanasema wataalamu, hauwezi kuendelea kutambaa hadi Chanika na Bunju; ni lazima upande juu, na nyumba ya chini karibu na kituo cha mwendokasi ni matumizi mabaya ya ardhi. Nakubali kwamba mji upande juu. Ninachouliza ni ghorofa hizo zinaongeza watu wangapi. Nyumba yetu ya mfano ina vyumba vinane, na chumba kimoja cha Dar es Salaam mara nyingi kinalaza watu watatu au wanne. Hao ni watu 24 hadi 32. Apatimenti nane, kila moja na familia ya watu wanne, ni watu 32, tena ikiwa zote zimejaa na hakuna iliyogeuzwa ofisi, stoo ya bidhaa au nyumba ya wageni ya siku mbili tatu. Kilichoongezeka ni zege, vigae na magari. Wale wapangaji wa mwanzo wamehamia Kivule au Mbagala, wanarudi mjini kila alfajiri kwa daladala, na jiji limetambaa vilevile, ila sasa lina ghorofa.

Watakaonijibu kwa mfano wa Magomeni Kota nao wana hoja, na inafaa tuisikilize. Wakazi wa zile kota waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba zikavunjwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikwenda pale na kuahidi kwamba watajengewa na watarudishwa. Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 644 za ghorofa. Mradi huo unaonyesha kwamba inawezekana kupandisha mtaa juu na wenyeji wakabaki. Lakini angalia masharti yake: ardhi ilikuwa ya umma, haikununuliwa kwa bei ya dalali, mjenzi alikuwa Serikali, wakazi walikuwa wamoja, wenye madai yanayojulikana, na hata hivyo kungoja kulichukua karibu miaka kumi. Mnunuzi wa kiwanja kimoja hana hata sharti moja kati ya hayo. Yeye akishavunja, hakuna mwenye orodha ya majina ya waliokuwa wakiishi pale. Tena anajenga akiwa amebanwa na deni la bei, na mjenzi aliyebanwa hujaribiwa na nondo nyembamba na ghorofa moja zaidi ya kibali. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka likaua watu 36. Novemba 16, 2024 lingine likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Sisemi bei ya kiwanja ndiyo iliyoyaangusha majengo hayo. Nasema haraka ya kurudisha fedha si rafiki wa msingi wa nyumba.

Lipo pingamizi ambalo sikubali lipuuzwe, la muuzaji. Ikiwa mnunuzi atashika bei ya kodi, yaani bei inayoweza kurudishwa na kodi ya vyumba, je, si anamnyima mjukuu wa mwenye nyumba haki ya kufaidi kile ambacho bibi yake alikilinda kwa miaka hamsini? Familia ya Magomeni nayo inataka kusomesha watoto. Hapo sina ugomvi na muuzaji. Akipata wa kumpa milioni 300, achukue. Namzungumzia mnunuzi, ambaye hana wajibu wa kuwa yeye ndiye mtoaji wa fedha hiyo. Na tuwe wakweli: nyumba nyingi za namna hii zinauzwa na warithi, kumi au kumi na mmoja, waliochoka kugombania kodi ya vyumba. Bei wanayoitaja imetoka kwa jirani, mara nyingi jirani ambaye naye hajauza. Mwaka unapita, bati linazidi kuvuja, mmoja anataka ada ya mtoto, mwingine anahitaji matibabu. Mnunuzi mwenye fedha mkononi, karatasi safi na subira ana nguvu kuliko anavyodhani. Anaweza pia kuwapendekezea warithi wabaki na vyumba viwili kama sehemu yao na apunguziwe bei kwa kiasi hicho. Ubia haukuandikiwa ghorofa peke yake.

Kuna wasemao kwamba mimi nisipovunja atavunja mwingine, kwa hiyo wapangaji wataondoka tu. Huenda. Lakini maneno hayo hayaponyi hesabu ya anayeyasema. Kama nyumba ni ghali, inabaki ghali hata ikinunuliwa na mwingine, na hasara iwe yake. Zamani dola ilijiingiza kati: palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 na mabaraza yake, iliyofutwa mwaka 2005. Ilikuwa na kasoro nyingi, na wenye nyumba walikuwa na sababu ya kulalamika kwamba kodi haikutosha hata kupaka chokaa. Tangu ilipoondoka, kodi ni mapatano ya wawili, na mmoja wao kwa kawaida anatakiwa kulipa miezi sita mbele. Kwa hiyo leo kinachomlinda mpangaji wa uswahilini, zaidi ya kitu kingine, ni deni dogo la mwenye nyumba wake.

Bei ya kodi basi ni ipi? Kipimo changu ni mara 15 ya kodi ya mwaka, usivuke. Kwa nyumba yetu ni kama milioni 115. Ukiongeza milioni 30 za kubadilisha bati, kujenga vyoo vya kutosha, kuingiza maji ya DAWASA ndani na kumwekea kila mpangaji mita yake ya umeme ili ugomvi wa LUKU uishe, kodi inaweza kupanda kidogo kidogo hadi 120,000 kwa chumba na wengi wa wapangaji wakabaki, kwa sababu kilichopanda wanakiona kila asubuhi bafuni. Pato linakuwa karibu asilimia 6 ya fedha uliyoweka. Halishindi hatifungani, sikudanganyi. Lakini ni pato linaloweza kukua, juu ya ardhi inayoweza kupanda bila wewe kuwa umeilipia kupanda huko, na hakuna siku ambayo nyumba nzima inakaa tupu ikingoja kujengwa.

Nyumba ya bei hiyo haipo, utaambiwa. Barabarani kabisa, penye kituo, haipo. Mitaa miwili ya ndani, penye warithi waliochoka, ipo, ingawa hapo ndipo mitego ilipo pia, na baadhi yake hairekebishiki kwa bei nzuri. Muuzaji awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wote wajulikane. Kama ni nyumba ya mke na mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Tofautisha hati na leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Na hata hati yenyewe ni haki ya kukaa kwa miaka iliyotajwa, maana ardhi ya Tanzania ni ya umma. Ukikaribia bonde la Msimbazi, uliza wenyeji maji ya Desemba 2011 yalifika wapi ukutani, na usiulize mwenye nyumba.

Halafu fanya jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi, pengine kwa kuona aibu. Omba ruhusa, ingia uani, keti na wapangaji, uliza kila mmoja analipa kiasi gani na amelipia hadi mwezi gani. Muuzaji aliyekwishachukua kodi ya miezi sita kwa vyumba vinane amekula karibu milioni nne ambazo zingekuwa zako. Fedha hiyo itolewe kwenye bei, na iandikwe katika mkataba mbele ya wakili kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza.